Nyumba Inayosogea

Mimi nauza kahawa, kwa hiyo sina ugomvi na mtu anayechelewa kuamua. Benchi langu linatazamana na nyumba ya mwalimu mstaafu, ile ya mlango wa kijani, na kwa wiki tatu wataalamu wangu wawili wamekuwa wakiikagua kutoka hapohapo walipokaa. Injinia anauza makava ya simu. Wakili ni kinyozi, aliwahi kuwa shahidi kwenye kesi ya kuku. Wanayemsaidia ni Pindo, fundi cherehani. Mkopo wake wa kununua nyumba umeshapitishwa na ushirika, na mwenye nyumba wake amempa hadi mwisho wa mwezi awe amehama. Leo jioni mwalimu anataka jibu. Asipolipata, nyumba anapewa mwingine.

— Usinunue, alisema Injinia, jicho moja kalifumba, njiti ya kiberiti kainyoosha mbele. Nyumba inasogea.

— Inasogea kwenda wapi? aliuliza Pindo.

— Kulia. Juzi mlango ulikuwa nyuma ya nguzo ya umeme. Leo uko kando. Msingi umekufa huo.

Nilikumbuka kwamba jana tulisogeza benchi kukimbia jua. Nikanyamaza, maana alikuwa ameagiza kikombe cha pili.

— Msingi ni jambo dogo, alidakia Wakili. Mwalimu anauza kwa nini?

— Anahamia kwa binti yake.

— Umemwona huyo binti?

— Sijamwona.

— Basi hayupo. Hapo kuna mirathi, mdogo wangu. Utapaka rangi, utatundika mapazia, halafu wajitokeze ndugu kumi na saba na mabegi yao.

— Kumi na saba?

— Hao ni wa upande wa mama tu.

Pindo alichezea futi yake ya kupimia, ile inayoning'inia shingoni mwake tangu asubuhi hadi analala.

— Lakini pacha wangu wanalala chini ya meza ya cherehani, alisema. Juzi mmoja kaamka na uzi mdomoni.

— Bora uzi kuliko ukuta, alisema Injinia. Na lile bati umelitazama? Bati la kawaida haling'ai vile. Lile linaita radi.

— Radi za mtaa mzima, aliongeza Wakili. Na kisheria, radi ikipiga kwako, majirani wote unawalipa fidia.

Nikawamiminia tena. Ushauri kama huo, tena wa bure, mtu ataupata wapi?

Ndipo akaja mwanamke mwenye sare ya dobi, mikono bado inanukia sabuni. Alikuwa mke wa Pindo, na hakuwahi kukanyaga kijiweni kwetu.

— Habari zenu, shemeji zangu. Baba Pacha, umeshampa mwalimu jibu?

— Bado tunakagua, mke wangu. Hawa ndugu wananisaidia.

— Asanteni sana. Ndani kuna vyumba vingapi?

Injinia aliitazama njiti yake. Wakili alikohoa. Pindo alinigeukia mimi, kana kwamba vyumba vimo kwenye birika. Niliona aibu, aibu ya kweli. Wiki tatu nimeuza kahawa huku watoto wa mwenzangu wanalala sakafuni.

— Kwa makadirio... alianza Injinia.

Yule mama hakusubiri makadirio. Alimvua mumewe futi shingoni, akavuka barabara, akabisha hodi. Pindo alisimama, akakaa, akasimama tena. Kisha akamkimbilia.

Mlango ulifunguliwa palepale.

— Karibuni, nilimsikia mwalimu akisema. Wiki tatu mnanitazama tu, nikadhani mnaniogopa.

Haukupita muda, dirisha la mbele likafunguka, kichwa cha Pindo kikatokeza. Alikuwa analia waziwazi.

— Vitatu! Jamani, viko vitatu! Tunanunua!

Kikombe alichokiacha benchini kilikuwa nusu. Nikakimwaga.

— Jua limetufikia, alisema Wakili.

Tukarudisha benchi kule lilikokuwa juzi. Injinia akakaa, akafumba jicho, akanyoosha njiti.

— Mmeona? alisema. Imerudi.