Gramu, Fundi wa Majiko ya Mkebe

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliotufikia, poleni kwa safari na poleni kwa msiba, tunaomba mkae, maana sote tumechoka, na anayewasomea historia hii ni mdogo wa mjane, yaani shemeji wa marehemu, aliyetwishwa kazi hii jana jioni baada ya wengine wote kusema sauti zimewakauka, naye ya kwake ndiyo hiyo mnayoisikia, mtamvumilia.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Gramu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu wa karani wa stoo na mkunga, akaanza shule ya msingi Januari 1959, akamaliza sekondari mwaka 1969 kwa alama ambazo baba yake hakupenda kuzizungumzia, kisha akaingia chuo cha ufundi, ambako alijifunza kutengeneza mizani za kila namna, kuanzia zile za kupimia magunia hadi zile za sonara, ambazo ukizipumulia tu zinacheza.

Tarehe 3 Julai 1972 aliajiriwa katika karakana ya mizani, chumba kirefu chenye madirisha ya juu juu na harufu ya grisi, na huko akajiunga na kikundi cha wafanyakazi waliokuwa wakipanda milima wakati wa likizo, wakibeba kila kitu mgongoni, na hapo ndipo alipopatwa na kile ambacho dada yetu alikiita ugonjwa wake wa kwanza, ugonjwa wa kupunguza uzito. Alikata mpini wa mswaki, akabandua lebo za mashati, na alipoona kwamba jiko la mafuta ya taa walilokuwa wakipokezana njiani lilikuwa zito kama tofali, alichukua makopo mawili ya soda, akayakata vitako, akavichomeka kimoja ndani ya kingine, akatoboa vitundu kwa sindano kuzunguka ukingo, akamimina spiriti kidogo, akawasha, na maji ya chai yakachemka. Wenzake walicheka kwanza, halafu kila mmoja akataka la kwake.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na dada yetu, mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache na miguu myepesi, na Agosti iliyofuata wakapanda mlima pamoja, mara ya kwanza, yeye akitangulia na mumewe akihema nyuma, kama tulivyosimuliwa. Sasa, kwa wasiojua mambo haya, mwali wa spiriti hauonekani juani, unaweza kulitazama jiko linawaka ukaapa kwamba limezima, na wote wanaotengeneza majiko haya wanalijua kosa hilo kwa sababu wengi wao wamelifanya. Walipofika juu, adhuhuri, jua kali, Gramu alichungulia, hakuona moto, akainamisha chupa ili aongeze spiriti, moto ukaipanda chupa, chupa ikamponyoka, na mkono wa kulia wa dada yetu ukaungua kuanzia kwenye kiwiko hadi kwenye vidole.

Mkono ulipona, na dada akarudi kwenye cherehani yake, lakini Gramu hakupona, akaapa mbele yetu sote mezani kwamba hatampandisha tena mkewe mlimani mpaka atengeneze jiko ambalo hata mtu akikosea halimdhuru. Dada alisikia, akaendelea kumenya viazi, nasi tukaona mambo yamekwisha, kumbe ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza.

Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 22 Mei 1978, ambaye sasa ni mwalimu, na kijana aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1982, ambaye sasa ni fundi umeme, na wote wawili walikulia katika chumba cha jikoni kilichogeuzwa karakana, ambamo huwezi kutafuta kijiko usijichome na bati. Gramu alitia chumvi kwenye spiriti ili mwali uwe wa njano uonekane, chumvi ikaziba vitundu, akaviongeza ukubwa, jiko likawa mlafi, linamaliza spiriti kabla maji hayajapata hata uvuguvugu, akavipunguza, upepo mdogo tu ukalizima, akatengeneza kifuniko cha kulizimia, akatengeneza kizuia upepo cha bati jembamba, akatengeneza miguu ya kuwekea sufuria kwa spoku za baiskeli, na kila kitu kilipita kwenye mizani ya sonara kabla hakijapita mlangoni. Dada alikuwa akisema kwamba mumewe anapunguza gramu, kilo anabeba yeye, na hapo alikuwa na haki, kwa sababu ada, magonjwa ya watoto, paa linalovuja na wageni wasio na taarifa, vyote hivyo vilikuwa vyake.

Kila mwaka Gramu alipanda mlima na kikundi chake, na kila mwaka dada alimfungia begi, akamsindikiza hadi getini, akamuuliza jiko limefikia wapi, naye akajibu bado kidogo, nasi tulicheka, tukidhani ni utani wao wa mke na mume. Jamani, haukuwa utani.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2011, na mwaka uliofuata akapata jambo alilokuwa akilitafuta, akajaza pamba ya kioo, ile isiyoungua, ndani ya jiko ili iishike spiriti, ukalipindua lisidondoshe hata tone, likawa jepesi kuliko funguo za nyumba, na watu wa mbali wakawa wanakuja kuchukua vipimo. Tulimwambia sasa basi, mchukue mkeo mwende, akasema upepo wa juu bado hajauweza, tumpe mwaka mmoja, na anayewasomea hapa alimkasirikia, akamwambia kwamba wewe bwana unatengeneza jiko au unatengeneza sababu, wakanuniana mwezi mzima. Mwaka mmoja ukazaa mwingine, magoti yakaanza, na Februari 2021 pumzi zikaanza kumwishia akiwa amekaa tu kitini, madaktari wakasema ni mapafu, na kuanzia hapo akawa mtu wa kuingia na kutoka wodini, huku dada akimgeuza, akimwogesha, akimbembeleza ale, akilala kwenye kiti cha plastiki, mwanamke wa miaka sabini na mbili, akichoka bila mtu wa kumpokea.

Ni mwezi uliopita, wodini, ndipo Gramu alipomwomba mkewe msamaha kwamba anaondoka na jiko halijawa tayari, na dada, kama mwenyewe alivyotueleza na kutuagiza tusome hapa, alimwambia kwamba yeye hakuwahi kutaka jiko, angekwenda kwa mkate mkavu na maji baridi, mwaka wowote ule, angeambiwa twende tu. Gramu akasema alidhani mkewe anaogopa moto, na dada akamjibu kwamba aliuogopa kweli, ila kufunga lile geti kulimchosha zaidi, na kwamba alinyamaza miaka yote kwa kudhani mumewe anapenda kwenda bila yeye. Walilia wote wawili, mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini.

Gramu alifariki dunia tarehe 19 Oktoba 2023, asubuhi, mkewe akiwa pembeni yake, ameacha mjane, watoto wawili na wajukuu watano.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya mapafu kwa subira yao, majirani mliotuletea viti, maji na usingizi wenu, na wafanyakazi wenzake wa karakana mliobeba gharama bila kuombwa. Wana kikundi cha mlimani, asanteni, majiko mliyoyaomba mtakabidhiwa yote leo, na kuhusu ombi lenu la pili, kwamba mwisho wa mwaka mmchukue dada yetu apande nanyi, na begi lake mtalibeba ninyi, anawashukuru sana kwa moyo huo, ila amesema hapana, kwa sababu hakuwa akiutaka mlima.

Gramu, shemeji yetu, tua mzigo, upumzike kwa amani.