Mama Kionjo Alivyovua Aproni

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tukae pamoja. Leo tunamkumbuka mwanamke mbishi. Nasema mbishi kwa mapenzi. Alikuwa mhudumu wa mvinyo mgahawani, maisha yake yote ya kazi. Wateja walimwita Mama Kionjo. Mama Kionjo ametutoka wiki hii.

Kionjo ni ule mvinyo kidogo anaomiminiwa mteja kabla ya glasi kujazwa. Wengi walidhani ni uchoyo. "Dada, jaza bwana, mbona unanibania?" Yeye wala hatikisiki. "Onja kwanza, baba. Ukiwa mbovu, nairudisha chupa."

Wateja wanaoagiza chupa ghali ili waonekane aliwaita "tai shingoni", kwa sababu wako tayari kufa nayo. Aliwafundisha. Mweleze mhudumu unakula nini. Weka kidole kwenye bei unayoiweza, kimyakimya, wageni wasisikie. Una shaka? Anza na glasi moja. "Kuuliza si ujinga," alisema. "Ujinga ni kulipia jina."

Basi siku moja akaja seremala, na wakwe watarajiwa wa mwanawe. Akaagiza chupa ya bei ya juu kabisa. Akaonja, uso ukamkunjika. Akawatazama wakwe. Akaitikia kwa kichwa kwamba ni mzuri.

Mama Kionjo akanusa chupa. Siki tupu. Akaiondoa mezani. Mwenye mgahawa akamkabili mlangoni mwa jikoni.

"Mteja amekubali."

"Amekubali kwa aibu."

"Irudishe mezani, au vua aproni."

Akavua aproni. Kisha akarudi kwa seremala bila aproni, akasema mbele ya wakwe, "Chupa ilikuwa mbovu. Kosa ni letu." Seremala akaweka kidole kwenye bei ya wastani, na wakwe wakafurahia mvinyo ule.

Binti wa Mama Kionjo, ambaye mama alimlea peke yake, ameniambia: "Mama alirudi hana kazi. Nikamuuliza, tutakula nini? Akasema, tutakula, lakini yule baba hatameza siki mbele yangu."

Asubuhi mwenye mgahawa akaionja ile chupa. Akatema. Akamfuata nyumbani na aproni mkononi. Mama Kionjo akatoa sharti: "Mteja akisema hapana, wewe husemi kitu." Mwenye mgahawa akakubali. Mama Kionjo akarudi kazini, hadi alipostaafu.

Jeneza lake limetengenezwa na yule seremala. Alimwita binti alikague. "Usinionee haya, mwanangu," alimwambia. Binti akapitisha kiganja pembeni, akasita, akasema, "Baba, hapa panakwaruza." Seremala akachukua randa, akalainisha upya, huku machozi yanamtoka.

Familia ya Mama Kionjo, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Nasi wasikilizaji tujiulize: ni mara ngapi tumeitikia kwa kichwa huku moyo unakataa, na hapakuwa na mtu wa kutusemea?