Hatua Zangu Ndani ya Gisabo

Yesu asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana sauti hii mngekuwa mmeshaizika!

Mnanijua, mimi Mama Sifa wa Nyamitaba. Sukari ilinishika. Nilikunywa maji kama ndama, na nilipokojoa, sisimizi walikuja kwa mistari. Nilishinda nimekaa tu. Infirmiye, muuguzi wa dispensari, akanifunga kiunoni kitu cha duara kama saa. Kila hatua, tik. Akasema: "Mama, hii itahesabu namna unatembea kila siku. Hivyo njo nitajua vidonge vya kukupatia."

Ndugu zangu, sisi wafugaji hatuhesabu ng'ombe, hatuhesabu watoto. Ukiwahesabu, unawaitia kifo. Sasa mimi nihesabiwe hatua? Niliogopa! Nikakifungua, nikakifunga kwenye gisabo, kibuyu ambacho mke wa mwanangu alisukia maziwa kila asubuhi, akikitikisa mpaka siagi itoke.

Nilipompelekea, infirmiye akasoma, akafurahi: "Mama, unatembea kupita watu wote! Tupunguze vidonge." Nikanyamaza. Hiyo ndiyo dhambi yangu.

Nguvu zikaniisha. Nikiwa kitandani nilisikia tik, tik, tik nyuma ya ukuta. Nilijua ni gisabo, lakini nikajiambia: kuna mtu anatembea na hatua zangu! Hata gisabo kilipotundikwa, nilimsikia yule mtu bado anatembea.

Asubuhi moja nimekaa kando ya moto, nikasikia harufu. Nikauliza, "Nani anachoma nyama?" Mkwe wangu akapiga kelele: "Mama, iko muguu yako!" Kisigino changu kilikuwa juu ya makaa, na sikuhisi kitu, ndugu zangu! Hata kidogo! Nikalia, "Yesu, nimekufa na bado napumua!" Hapo hapo moyo ukaniambia: sema kweli.

Wakanibeba kwa tipoyi, machela ya mabegani, hadi dispensari. Nikaungama yote. Infirmiye akashika kichwa: "Mama, kumbe nilikuwa natunza gisabo! Sukari imeua muguu yako, njo sababu hausikii moto." Akarudisha vidonge, tukaomba pamoja. Kidonda kilipokauka, akanifunga kile kitu tena. Kikahesabu hatua zangu chache za aibu, na sikufa. Kesho yake nikaongeza.

Miezi ikapita. Siku moja njiani kisigino kikaniuma. Nikakaa kwenye majani nikalia kwa furaha: nimerudi mwilini mwangu! Asante Yesu!

Na wewe ambaye hakuna kinachokuuma tena, usidhani umepona. Mwite Bwana leo, umwambie kweli yote, akurudishie maumivu yako.