Mama Mabano Hakuugua

Ndugu waombolezaji, baba mdogo ameniomba nisome kwamba marehemu aliugua ghafla, maana waliofanya haya wanajua tunapokaa. Nimemsikia, na ninamheshimu.

Dada yangu, kifungua mimba wa mama yetu, alizaliwa tarehe 3 Machi 1976 katika nyumba za wafanyakazi wa mgodi wa makaa ya mawe, akaanza shule ya msingi mwaka 1983, na mwaka 1989 kifusi kilimponda baba yetu huko chini, akaletwa nyumbani ndani ya turubai, kampuni ikasema ni uzembe wake.

Alihitimu sheria mwaka 2000, akaajiriwa wizara ya mazingira, akafunga ndoa tarehe 14 Agosti 2004 na shemeji yetu fundi umeme, huyu hapa, wakajaliwa mabinti wawili. Kwenye mikutano ya mataifa kuhusu tabianchi walimwita Mama Mabano, kwani huko maneno yasiyokubaliwa hufungiwa kwenye mabano, na kampuni ile ya mgodi ilipotaka sentensi ya kuacha makaa ya mawe iongezewe "pale inapowezekana", yeye aliyafungia humo miaka yote, king'ang'anizi kama kupe.

Tarehe 12 Novemba mwaka huu alimkuta wakili wa kampuni ileile kaketi nyuma ya bendera yetu, kavaa kitambulisho cha ujumbe wetu, anamnong'oneza kiongozi wa msafara, naye akawasha kipaza sauti mbele ya mataifa yote: "Huyu si mwenzetu, huyu ni wa kampuni." Wakili akatolewa, maneno yale ya mabanoni yakafutwa.

Kuhusu ugonjwa, marehemu hakuugua. Tarehe 2 Desemba, asubuhi kweupe, wanaume watatu walimvizia getini kwake, wakamvunja mikono kwa nondo, kisha wakampiga mdomo, mdomo tu, hadi meno yakatapakaa kwenye kokoto, binti yake mdogo akiona dirishani. Tunaambiwa ni vibaka. Vibaka gani hao, jamani, wanaoacha mkoba, simu na pete? Alifariki tarehe 9 Desemba, taya limefungwa waya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliomfunika kwa mashuka yao, na wenzake wa wizarani, wale waliothubutu kuja. Nanyi wa kampuni, mliokalia viti vya familia hapo mbele, shada lenu nimelitoa nje, liko getini palepale kwenye damu, mlichukue mkitoka.

Pumzika kwa amani, dada. Sisi huku bado.