Funguo Nilimpa Mimi

Ndugu zangu, nawasalimu kwa jina la Bwana aliyenifungua kinywa. Mnanijua kama Baba Yunisi, mkulima wa kabichi wa njia ya Irente. Mnajua kwamba mwaka jana nilimzika mke wangu. Lakini mliambiwa uongo kuhusu kifo kile, na aliyewaambia ni mimi.

Binti yangu Yunisi nilimfundisha kuendesha pikapu akiwa na miaka kumi na sita. Leseni hakuwa nayo, na umri wa kuipata ulikuwa bado. Mimi nilijivuna tu. Nilipenda majirani wamwone akipita na mzigo.

Siku moja ya soko niliamka na homa, na mvua ilikuwa imenyesha. Mke wangu akasema, "Tutafute dereva, Baba Yunisi. Barabara inateleza." Nikamjibu, "Dereva unaye humu ndani." Nikatoa funguo mfukoni, nikampa Yunisi. Mama yake akapanda naye mbele.

Kwenye kona ya pili walikutana na lori. Yunisi akakanyaga breki kwa nguvu, pikapu ikaserereka, ikaacha njia, ikabingirika hadi kwenye mahindi ya watu. Yeye alivunjika mkono. Nilipoitwa nikafika, mke wangu nilimkuta amelala katikati ya kabichi zetu zilizomwagika, ameshakata roho.

Trafiki akaniuliza ni nani aliyemruhusu mtoto huyu kuendesha. Nikasema, "Aliiba funguo nikiwa nimelala." Yunisi alikuwa ameketi pale chini, ameshika mkono wake. Aliniangalia. Hakusema neno.

Ndugu zangu, tangu saa ile sikutulia. Nikienda shamba, narudi hata tuta moja sijamaliza. Nikiketi kula, nainuka. Humu kanisani nilikuwa natoka kabla ya baraka. Nilitembea kwa miguu mpaka Lushoto mjini bila shughuli yoyote, nikazunguka, nikarudi. Mlisema ni msiba. Kumbe nilikuwa namkimbia mtoto wangu mwenyewe, maana kila nikiingia nyumbani namkuta, ananipikia, anafua kwa mkono mmoja. Shule aliacha, kwa sababu wenzake walimnong'ona kwamba amemuua mama yake. Mama mkwe wangu alipokuja kututembelea, Yunisi alipiga goti akasema, "Shikamoo, bibi." Bibi akageuza uso.

Miezi minane ikapita hivyo. Kisha mama mkwe akaja tena, mchana, nami nikiwa nje karibu na dirisha. Nikamsikia akiuliza, "Niambie leo, mjukuu wangu. Kwa nini uliiba zile funguo?"

Yunisi akajibu taratibu, "Nilitamani tu kuendesha, bibi. Nisamehe."

Mtoto alikuwa anausema uongo wangu ili anilinde. Miguu ikanichukua, nikashika njia kama kawaida yangu. Nilipofika barabarani nikasema, "Bwana, nisimamishe." Sala yangu yote ilikuwa hiyo. Sauti sikusikia, ila miguu ilisimama. Nikageuka, nikaingia ndani, nikapiga magoti mbele ya yule mama.

"Mama, funguo nilimpa mimi. Binti yako alinikataza, sikumsikiliza."

Alilia mpaka sauti ikamkauka. Akamvuta Yunisi kifuani. Mimi hadi leo hajaniita tena mwanangu. Kesho yake nilikwenda polisi nikaandika maelezo ya kweli. Kesi ipo, sijui itaishaje. Lakini jioni ile niliketi nikala, nikamaliza chakula.

Nilimuuliza Yunisi kwa nini alinyamaza. Akasema, "Mama nilishampoteza, baba. Ningekusema wewe, ningebaki na nani?"

Ndugu zangu wazazi, mtoto ambaye umri haujafika msimpe gari, hata kama anajua, hata kama mnaona fahari. Na wewe unayezunguka huku na huku kwa sababu ya jambo ulilolificha, mwamini Bwana. Atakusimamisha, kisha utalazimika kusema, na kusema kunauma. Namshukuru hata kwa maumivu hayo.

Yunisi amerudi shule. Leo yuko pale, upande wa kwaya. Tukitoka ibadani, naomba mumpe mkono, mmoja mmoja. Hakuiba kitu.