Mama Shuka na Timu ya Wafuaji

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto usogee karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Shuka, aliyetutoka wiki iliyopita. Mama Shuka alikuwa msimamizi wa chumba cha kufulia hospitalini. Mama Shuka huyo huyo alikuwa kocha wa mpira wa wavu. Timu yake ilikuwa ya wafuaji wenzake, na wavu waliufunga uani, kati ya nguzo ya taa na tangi la maji.

Binti yake ameniambia hivi: "Sauti ya mama ilikuwa ya chini. Ukitaka kumsikia, zima mashine kwanza." Basi mjue hakuwa kocha wa kufoka.

Miaka ile, katika timu hiyo kulikuwa na wanawake wawili. Mmoja waliyemwita Kijiti, kwa wembamba wake, ndiye aliyewatengea wenzake mpira juu ya wavu waupige. Mwingine ni Radi, mpigaji, na akipiga, jamani, hata sisi watazamaji tuliinama! Siku moja, baada ya kufungwa, Radi alimwambia Kijiti mbele za watu, "Mipira yako imelegea kama uji." Basi. Wakanuniana. Kijiti akaacha kabisa kumpa Radi mpira, hata aliyowatengea wengine ikawa inakwenda ovyo, timu ikawa inapigwa kila wikendi.

Fainali ikikaribia, Kijiti akamrudishia Mama Shuka jezi. Akasema mpira basi, hauwezi tena. Mama Shuka akaiangalia ile jezi, akamwambia, "Mwanangu, hii ina jasho. Kaifue kwanza, kisha tutaongea." Jezi ikafuliwa, maongezi hayakuja.

Badala yake, akawapanga Kijiti na Radi wakunje mashuka pamoja. Wasikilizaji, mnaijua kazi hiyo. Huku mmoja, kule mwenzake. Mnavuta sawasawa, mnasogeleana, mnakabidhiana ncha. Mmoja akiachia mapema, shuka linaanguka sakafuni, na la hospitali likigusa sakafu linafuliwa upya. Wale wawili walikunja kila mmoja akitazama ukuta wake. Mashuka yakaanguka! Mama Shuka hakugomba. Alisema tu, "Rudisheni kwenye mashine," akaendelea na pasi yake.

Binti yake anakumbuka: "Nilimuuliza, mama, kwa nini usiwapatanishe tu? Akanijibu, watu wazima hao, mimi nawapatanishia nini? Waache watazamane mikono."

Na kweli, walichoka kufua. Wakaanza kutazamana mikono. Siku shuka liliponyooka bila kuanguka, Radi akacheka, Kijiti naye akashindwa kujizuia. Jezi akaivaa.

Fainali ilikuwa dhidi ya akina mama wa kiwanda cha saruji, na mimi ndiye niliyekuwa natangaza. Seti ya mwisho, mambo yamekaza. Kijiti akatengea vibaya, mpira ukagonga wavu. Akarudia, ukagonga tena. Kutoka pale nilipokuwa nimekaa niliyaona machozi yake. Mama Shuka akaomba mapumziko mafupi. Nikangoja apange mbinu. Wapi! Alitoa taulo begani, akawapa Kijiti na Radi ncha zake, akasema, "Kunjeni." Nikawaambia mliokuwa mkinisikiliza, "Jamani, huyu mama amehamishia udobi uwanjani!" Kwa kioja hicho, uwanja mzima nao ukaangua kicheko. Wao wawili walikunja lile taulo, macho kwa macho, wakarudi ndani.

Mpira uliofuata, Kijiti akamtengea Radi. Radi akapiga, ukatoka nje. Nikasema moyoni, yamekwisha. Lakini Radi alimkimbilia mwenzake, akamshika mikono yote miwili: "Nitengee tena. Vile vile." Kijiti akamtengea tena, vile vile. Na tena. Na tena. Kombe lilienda kwa wafuaji, wasikilizaji, nami sauti ilinikauka kwa kushangilia.

Asubuhi ya mazishi, binti aliingia chumbani kwa mama yake kutandua kitanda. Aliwakuta Kijiti na Radi wameshafika kabla yake, wazee sasa, wana wajukuu. Walikuwa wamesimama pande mbili za kitanda, wameshika shuka la Mama Shuka, wanakunja. "Walikuwa wanalia wote wawili," anasema binti, "lakini hawakuliachia."

Kwa binti, kwa baba yake, mzee aliyebaki bila mwenzake, na kwa wafuaji wote wa hospitali ile: poleni sana, na ahsanteni kwa kutugawia mama yenu. Mungu amlaze pema. Nawe unayenisikiliza, pengine yupo mtu mmenuniana, kazini au humo humo ndani. Usihangaike kutafuta maneno. Leo ukianua nguo, mwite akushikie upande wa pili.