Simon Lomunokol wa Bwawa la Matete

Wazee, mchungaji, mama zetu, majirani wa Lodwar na ninyi mliosafiri kutoka Kakuma na Kalobeyei, ejok, hamjambo, naomba mninyamazie kidogo, maana nikikatizwa sitaweza kuendelea.

Usiku aliozaliwa marehemu Simon Lomunokol, tarehe 14 Aprili 1988, mama yake Nakeno alisikia ngurumo, akadhani ni malori ya chakula yanaingia, kumbe ni mto Turkwel umeshuka na maji ya milimani, hapa penyewe hata tone halijanyesha, yeye na watu wa nyumbani wakakimbilia kwenye kilima cha mchanga na mbuzi waliowahi kuwakamata, akajifungulia hukohuko, na ndiyo maana alipokuwa mdogo watu walimtania kwamba mkunga wake ni mto. Alikuwa mtoto wa pili wa marehemu mzee Lomunokol, akimfuata kaka yake Ekidor, huyo mnayemwona ameketi mbele, ambaye kwa desturi ndiye angesoma historia hii, ila mjane wa marehemu, Nyibol, aliomba aisome mwenyewe, na Ekidor alikubali kabla ya kujua yaliyomo.

Marehemu alianza shule ya msingi hapa Lodwar mwaka 1996, alichelewa kwa sababu ya kuchunga, akamaliza 2003, akaingia sekondari mwaka uliofuata hadi 2007, kisha chuo cha ufundi kusomea mambo ya maji, akapata cheti mwaka 2010. Mwaka 2011 aliajiriwa Kakuma kutengeneza mabomba ya kambini, baadaye Kalobeyei, na huko alijifunza Kiarabu cha Juba, Kisomali na Kiswahili cha Wakongo, vyote akavizungumza vibaya kwa bidii kubwa, watu wakampenda. Huko kambini, kwenye bomba la mtaa wetu, ndipo alipomwona Nyibol binti Bol, mzaliwa wa kambi, aliyekuwa anamaliza kidato cha nne, na walifunga ndoa kanisani tarehe 12 Desemba 2020, baada ya mjomba wa bibi harusi, Mou, kuuliza, "Huyu mtu wa mifereji ana ng'ombe wangapi?" na Ekidor kumjibu, "Mjomba, mabomba anayo, ng'ombe wako njiani," na kweli walifika, wembamba lakini walifika.

Machi 2021 alirudi Lodwar kufanya kazi katika mradi ambao wengi wenu mliuchukia kabla hamjauelewa, ule wa ada ya fidia, mlioupa jina la kodi ya mawingu. Mtu akijenga jengo kubwa, akafunika ardhi kwa bati na saruji, mvua haina pa kuzama, inakimbia barabarani, inakokota mavi ya mbuzi ya sokoni, damu ya machinjio na maji ya vyoo, inamwaga vyote Turkwel, na vyote hivyo ni mbolea, mwani unashiba, maji yanageuka kijani, samaki wanakosa hewa, na sisi tunaochimba maji mchangani tunachota harufu, kwa hiyo mjenzi ama ayazuie maji hayo kwenye kiwanja chake, ama akikosa nafasi alipe ada, na ada hiyo ichimbe bwawa la matete kwingine, chini ya mji, maji yatulie humo, tope lishuke, matete yaile ile mbolea, ndipo maji yaendelee mtoni. Kazi yake ilikuwa kuwapelekea wajenzi habari hiyo, na alitukanwa, wazee, mwenye hoteli mmoja alimwambia, "Kijana, sasa mnatoza hata mvua ya Mungu?" naye akajibu, "Mzee, mvua ni ya Mungu, paa ni lako," yule mzee akacheka mpaka akalipa. Na walipotaka kuchimba bwawa kule Kakuma kwa kuwa ardhi ni ya bei nafuu, alikataa, akasema Kakuma wana mto wao Tarach na sisi tuna Turkwel, huwezi kumchafulia mtu nguo halafu ukamfulia jirani yake. Hapo ndipo ukoo ulipotoa shamba la marehemu mzee, hili tulilokaa kando yake, lisijengwe, liwe bwawa, ukoo ulipwe kwa kulitunza, na kila mvua iliponyesha Simon alitoka na koleo kuzibua mdomo wa mfereji, akirudi na matope mpaka masikioni.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Achan, aliyezaliwa Oktoba 2021, na Yak, Septemba mwaka jana, ambaye ndiye huyo analia mgongoni kwa jirani yetu Mama Olive, mniwie radhi.

Februari mwaka huu wa 2025 marehemu alianza kuumwa ini, alitibiwa hapa Lodwar, akapasuliwa mwezi wa Mei, akapata nafuu, akazidiwa tena, akafariki Jumamosi tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi, mkewe akiwa naye.

Sasa, kuna jambo. Mwaka huu bikoni za mpaka, zile alama za wapimaji, zimeonekana ng'ambo ya matete, hakuna anayekubali kwamba alizipanda, na kuna mtu mwenye mali, sitamtaja, amekuwa akileta wapimaji, anataka bwawa lijazwe changarawe ajenge gesti ya ghorofa, na Ekidor, kwa uchungu wa mali ya baba yake, alisema, "Wapime wanavyotaka, katika nchi hii buldoza haipiti juu ya kaburi," na hakusema uongo, ndiyo maana kaburi mnaloliona limechimbwa pale ukingoni, na saruji iko tayari. Kaburi hilo lingemlinda Nyibol pia, tena kuliko mtu yeyote, kwa sababu yeye ni wa kambini, hana kitambulisho cha hapa, nyumba yake ndogo iko ndani ya shamba hilihili, na akikosana na shemeji yake leo, kesho anaweza kujikuta Kalobeyei na watoto wawili.

Lakini marehemu, kabla hajafa, alikataa kuzikwa pale. Alimwambia mkewe, tena akiwa na akili zake timamu, "Nyibol, mwili ni mbolea, wakinizika pale mimi ndiye nitakuwa mchafuzi wa kwanza ambaye halipi ada," akacheka, kucheka kukamuumiza, kisha akasema apelekwe Lopur, upande wa Kakuma, kwa kina mama yake, penye mawe, mbali na mto, na akamwagiza asiwaambie watu mmojammoja, watamnyamazisha, awaambie wote siku moja wakiwa wamekaa pamoja, ndiyo hii. Wiki nzima nimekaa nayo kifuani kama kaa la moto, nilikuwa nawapikia chai ndugu waliokuwa wanachimba, naona udongo unatoka, nashindwa kufungua mdomo kwa kuogopa. Leo alfajiri nilimwambia Mama Nakeno peke yake, kwa kuwa ndiye aliyemzaa, naye alichukua kigoda chake na shuka lake akatoka, na mkigeuka mtamwona, amekaa ndani ya lori, na lori ameliamuru lielekezwe njia ya Kakuma.

Shemeji Ekidor, usinikasirikie mbele ya jeneza, najua unachokilinda, na kazi uliyotaka kaburi lifanye nitaifanya mimi, nitahamisha jiko langu leo hadi pale ukingoni, nitalala pale na Achan na Yak, koleo lake ninalo, buldoza ikija itanikuta nimeketi, na mimi si kama kaburi, mimi nina mdomo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, wenzake kazini waliokuja na ambao leo wanalia hadharani, kanisa, majirani wote, Mama Olive aliyewabeba watoto wetu miezi hii yote, vijana waliochimba kaburi, ambao nawaomba kwa heshima walifukie bila kunung'unika, na kina mama wa kambini waliokesha nasi wakiimba kwa lugha nisizozijua zote.

Simon, baba Achan, uliyotaka wayasikie wameyasikia wote, yale mengine uliyoniambia mwishoni, ya mimi na wewe, hayo sitamwambia mtu mwingine. Pumzika pakavu, mume wangu, upumzike kwa amani.